Nta ya Bara, Ngozi ya Mwari

Mwaka 1892 msafara wa Oscar Baumann, mwanajiografia wa Austria, uliondoka Tanga, ukafika Ziwa Manyara, kisha ukaipanda nchi ya Wairaqw, ambayo leo ni wilaya ya Mbulu. Miaka michache baadaye bwana huyohuyo alikuwa Unguja, konseli wa dola yake, akiandika habari za visiwa vya Unguja, Pemba na Mafia. Ni wachache waliopata kuijua milima ile na visiwa hivi kwa miguu yao wenyewe. Lakini wasafiri wa aina yake walipima maziwa na vilele. Mambo ya chumbani mwa wanawake hayakuwa yao, na hata leo mwenye kutaka kuandika historia ya ngozi na usafi wake hana budi kuokota huku na huku.

Tuanze na kwetu. Kwa Mswahili kuondoa nywele za mwili si pambo tu. Ni katika suna za maumbile, na wanazuoni wameweka mpaka wa siku arubaini usipitwe. Kwa mwari anayesubiri harusi kazi hiyo huandamana na singo, liwa na hina, chini ya mkono wa somo wake. Nyumba zilizopokea desturi ya Waarabu hutumia sukari: hupikwa kwa maji na ndimu mpaka ikawa ute mzito wa rangi ya asali, hupoa, hukandwa, hubandikwa, huvutwa. Naomba msomaji alitazame jambo moja hapa, kwani ndilo lililonifanya niandike. Anayeikanda sukari huishika kwanza kwa vidole vyake mwenyewe. Ikiwa ni ya moto, huungua yeye kabla ya mwari. Hapana kipimo cha joto chenye insafu kuliko hicho. Tena kilichobaki kikishachanganyika na nywele hutupwa, maana sukari si ghali kiasi cha kuirudisha chunguni, na chembe zinazosalia mwilini huondoka kwa maji.

Sasa twende Mbulu na Hanang. Wairaqw walikuwa na marmo, unyago wao wa wasichana. Wari walifichwa kwa miezi, na walipotoka walivaa sketi za ngozi zilizonakshiwa shanga, kazi ya mikono yao. Utawala wa Waingereza uliukomesha. Wadatoga wa Hanang, tunaowaita Wamang'ati bila kuuliza kama jina hilo wanalipenda, nao wana mavazi yao ya ngozi, bangili za shaba nyeupe na nyekundu, na chale zinazouzunguka uso karibu na macho. Chuma chao kilifuliwa na wahunzi wa ukoo wa Gidang'odiga, ambao Wadatoga wengine hawakuoana nao. Kwa hiyo hadithi ya ngozi kule bara ilikuwa hadithi ya chuma chenye makali: kunyoa, kuchanja, kutahiri.

Asidhani mtu kwamba watu wale hawakuwa na fikra ya kinga. Wairaqw wana neno metimani, hali ya najisi inayomshika mtu, kwa mfano, afiwapo na ndugu wa karibu. Mwenye hali hiyo hutengwa kwa muda, asichangamane na wenzake wala kushirikiana nao vyombo. Si elimu ya vijidudu, na sitaki kuifanya iwe hiyo kwa nguvu. Lakini jamii iliyozoea kuuliza nani amegusa chombo hiki kabla yangu imekwishajifunza swali ambalo saluni nyingi za leo hazijaliuliza.

Na nta? Nta ndiyo bidhaa ya bara hasa. Katika bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, Wahadzabe hurina asali kwa kumfuata ndege aitwaye kiongozi-asali, naye ni miongoni mwa viumbe wachache waliojaaliwa tumbo la kuisaga nta. Watafiti wameona kwamba mara nyingine warinaji huyachoma masega au kuyaficha, ili ndege abaki na njaa na aendelee kuwaonyesha mizinga. Wakati wa Wadachi, nta ya nyuki ilikuwa pamoja na pembe, mpira na sandarusi katika mazao ya porini yaliyoteremshwa pwani kwenda Ulaya, na biashara hiyo iliendelea chini ya Waingereza. Ulaya iliifanya mishumaa, dawa ya viatu, malhamu na vipodozi. Leo nta inarudi Manyara ndani ya kopo, ikiwa imechanganywa na ulimbo wa msonobari na manukato. Pengine hata si ya nyuki.

Mchanganyiko huo una sababu yake. Nta halisi ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 za sentigredi, na kitu chenye nyuzi 60 kikikaa mwilini sekunde tano huweza kuunguza ngozi mpaka ndani. Viwanda hulainisha nta ili ipakike katika joto la chini zaidi. Lakini ulimbo wenyewe huwawasha na kuwatoa upele baadhi ya watu, na gundi ya nyuki iliyobaki ndani ya nta isiyochujwa vyema hufanya vivyo hivyo. Juu ya yote, baina ya mkono wa mhudumu na chungu pana kijiti. Mhudumu haungui. Anayeungua ni mteja, na mara nyingi ni msichana anayeona haya kupiga ukelele.

Barabara ya lami ya Singida na Babati, inayopita Katesh chini ya Mlima Hanang, ilikamilika mwanzoni mwa miaka ya 2010. Pamoja na magari, barabara kama ile hupandisha mitindo ya Arusha na Dar es Salaam, na saluni za kike huipokea. Hapo historia nyingine inahitaji kukumbukwa. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata kila kijiji kilihubiriwa: usichangie wembe. Somo hilo liliingia. Mama wa Dongobesh na mama wa Makunduchi wote wanajua kwamba kila mtu ana wembe wake. Ila nta ilipokuja haikufanana na wembe. Haina makali, haionekani kukata, kwa hiyo ikapita nje ya hubiri lile. Kumbe kung'oa unywele ni kufungua tundu lake, na tundu hilo mara nyingine hutoa damu. Kijiti kilichogusa mwili kikirudishwa chunguni hupeleka humo kilichokuwa mwilini, na uvuguvugu wa chungu hautoshi kuua vijidudu. Hupita siku mbili tatu, yakatokea majipu na usaha, na watu wakasema ngozi yake mbovu.

Si mbovu daima, lakini mara nyingine imekwisha kudhoofishwa. Mkorogo, ule mchanganyiko wa krimu za kujichubua, umeenea bara na visiwani. Haidrokwinoni na zebaki zilipigwa marufuku katika vipodozi Tanzania Bara, na Mamlaka ya Chakula na Dawa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, ilikamata na kuteketeza shehena kwa shehena. Mwaka 2019 jukumu la vipodozi lilihamishiwa Shirika la Viwango. Marufuku haikuukomesha mkorogo. Krimu zenye steroidi huifanya ngozi kuwa nyembamba kama karatasi ya sigara, na dawa za chunusi za jamii ya vitamini A nazo huidhoofisha. Nta ikivutwa juu yake haing'oi nywele peke yake, huondoka na utando wa juu wa ngozi. Mwenye kisukari yumo hatarini zaidi, kwa kuwa kidonda chake hakiponi upesi.

Somo wa zamani aliyajua haya bila majina yake, kwa kuwa alimjua mwari tangu utotoni: anapaka nini, anaumwa nini, damu yake nyepesi au nzito. Mhudumu wa saluni hamjui mteja wake, kwa hiyo analazimika kuuliza, na kuuliza si desturi ya biashara yetu. Ajaribu kwanza tone juu ya kifundo cha mkono wake mwenyewe, kisha mahali padogo pa mteja. Kijiti kimoja, mchovyo mmoja, kisha jaani. Anawe mikono. Penye kidonda au jua lililochoma, aahirishe kazi na arudishe fedha.

Maelezo ya joto la nta huandikwa ubavuni mwa kopo, kwa herufi ndogo. Makopo niliyopata kuyashika yalikuwa na Kiingereza na Kichina. Kiswahili hakikuwamo, sembuse Kiiraqw na Kidatoga.