Sheria za Sarufi na Kinywa cha Watu

Sarufi ni mtumishi wa lugha, ama ni bwana wake? Sisi tuliojifunza Kilatini kwa vitabu twazoea kudhani kwamba Waroma wote walisema kama Cicero alivyoandika. Historia yatufundisha mambo mengine.

Katika karne ya 4, mjini Roma, mwalimu Donatus alitunga sarufi iliyofuatwa mashuleni muda wa karne nyingi. Mt. Yeronimo alikuwa mwanafunzi wake. Lakini sokoni watu walisema kwa namna yao. Ushuhuda tunao katika orodha ya kale iitwayo Appendix Probi. Mwalimu asiyejulikana jina alipanga humo maneno zaidi ya 200, kila neno sahihi pamoja na kosa lake. Aliagiza watu waseme auris, maana yake sikio, wasiseme oricla. Basi, nani alishinda? Wafaransa leo wanasema oreille, na neno hilo limezaliwa na oricla. Tena tufahamu: mwalimu hakatazi neno lisilosemwa na mtu. Orodha yake ya makosa imetuhifadhia usemi wa watu wenyewe.

Mt. Augustino, Askofu wa Hippo, alikuwa kwanza mwalimu wa sarufi. Alijua kwamba neno os likitamkwa kwa kifupi ni mfupa, na likivutwa ni kinywa. Lakini masikio ya Waafrika wa kwao hayakupambanua sauti fupi na ndefu. Kwa hiyo alifundisha kwamba mhubiri aseme ossum kwa mfupa, ingawa sarufi yakataa, ili watu wasikose maana.

Baadaye, wakati wa Karoli Mkuu, wataalamu kama Alkuino walisahihisha Kilatini cha mapadri kwa kufuata vitabu. Kazi hiyo ilikuwa njema, lakini kadiri Kilatini kilivyonyoshwa, watu walizidi kukosa kukielewa. Mwaka 813 maaskofu waliokutanika Tours waliagiza mahubiri yafasiriwe katika Kiroma cha watu wa shamba au katika Kijerumani, wote wapate kuelewa.

Nasi je? Mwaka 1928, katika mkutano wa Mombasa, Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili cha kuandika. Sarufi hiyo yadai watoto wangu. Mama wa Lubumbashi asema batoto yangu. Hasemi ovyo: jirani zake wote wasema vile vile, na kila mmoja aelewa. Usemi wake una kanuni zake, ingawa si zile za kitabu.

Tusitupe sarufi, kwa maana kwayo mtu wa Kalemie na mtu wa Bukavu wasoma kitabu kimoja. Maaskofu wa Tours nao hawakufuta Kilatini. Kilibaki lugha ya Misa. Lakini katekista anayesahihisha kinywa cha mama kabla ya kusikiliza neno lake, huyo ameshika sheria na kumwacha mtu. Tuandike kwa sarufi. Tuhubiri kwa kueleweka.