Dume Bora wa Zizi Gani?

Mfugaji wa pembezoni mwa Bujumbura akitaka mtamba wake apate mimba, halazimiki tena kumtafuta dume wa jirani. Mhimilishaji huja na mtungi wa naitrojeni, wenye ubaridi wa nyuzi 196 chini ya sifuri, akachomoa mrija mwembamba wa mbegu ulioandikwa jina na namba ya dume. Huuzamisha katika maji ya uvuguvugu kwa nusu dakika hivi, akaupangusa hadi ukauke, akaukata ncha na kuupachika kwenye bomba lake. Mtamba aliyeonyesha joto asubuhi hupandishwa jioni. Dume mwenyewe huenda yuko Ulaya, au alishakufa zamani. Ufundi huu ni mpya, lakini swali la mnunuzi, dume yupi anafaa zizi lake, lina historia ndefu, na historia hiyo inaonyesha kwamba dume huharibu kundi pale anapochaguliwa bila kuangalia ardhi watakayoishi watoto wake.

Katika nyanda za Burundi na Rwanda ng'ombe alikuwa mahari na heshima, tena kifungo kati ya mkubwa na mdogo: huko Burundi mkataba wa ubugabire ulimpa mtu ng'ombe wa bwana wake ili amtunze, naye akawa na wajibu kwake. Katika ufalme jirani wa Rwanda, inyambo, ng'ombe wa jamii ya Ankole, walichaguliwa kwa pembe ndefu na rangi ya kukolea, wakafunzwa kupita mbele ya mwami, yaani mfalme. Kuna watakaosema kwamba huko ni kupandisha kwa fahari tu, na Ankole hutoa lita mbili hivi za maziwa kwa siku. Ni kweli maziwa ni machache. Hata hivyo, ng'ombe huyo alitembea mbali kutafuta malisho, akastahimili kiangazi, na pembe zake zenye mishipa tele ya damu humsaidia kupoza mwili. Sotoka, tauni ya ng'ombe, ilipofagia mifugo ya Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890, makundi yalijengwa upya kutokana na wachache waliosalia. Hakuna aliyewachagua wazazi hao kwa uzuri. Ugonjwa ndio uliochagua.

Uhimilishaji uliingia Kenya mwaka 1935, na kituo cha Kabete kikaanzishwa 1946. Lakini mbegu mbichi hudumu siku chache tu, kwa hiyo dume bado alifungwa na umbali. Watafiti wa Uingereza walipogundua mwaka 1949 kwamba gliserini huzilinda mbegu zisife zinapogandishwa, umbali ulikoma kuwa kikwazo. Hapo ndipo mnunuzi wa mtaa wowote alipoweza kumchagua dume asiyemwona kamwe, kwa sifa za maziwa ya binti zake waliokulia malisho mengine kabisa. Burundi ilijaribu njia ya kati pia: huko Mahwa, kusini, Ankole walichanganywa na Sahiwal, ng'ombe wa asili ya Punjab aliyezoea joto na kupe. Kwa maoni yangu jaribio hilo lilistahili sifa kuliko lilivyopata, kwa sababu lilianza na mahali, ndipo likamtafuta dume.

Hoja nzito ya upande wa pili ni ardhi. Burundi ina kilomita za mraba 27,834 na watu zaidi ya milioni 12. Sheria ya 2018 ikakataza kuzurura kwa mifugo na kuagiza ifugwe bandani. Katika hali hiyo ng'ombe mmoja wa lita kumi anashinda kundi la pembe ndefu, na mimi sibishi. Lakini Bujumbura iko mita 774 hivi juu ya bahari, kando ya Tanganyika, na eneo la milima la Mugamba liko juu zaidi ya mita 2,000. Friziani, ng'ombe wa maziwa wa Ulaya, akiwa mlimani hapati joto analopata aliye katika bonde la Imbo, ilipo Bujumbura, wala kupe wa ndigana kali hawamwandami vivyo hivyo. Ndama wake bondeni anahitaji kuogeshwa mara kwa mara, majani ya kukatwa na daktari wa karibu. Mwenye zizi akikosa kimojawapo, gharama ya mrija imepotea. Huyo afadhali achukue chotara wa Sahiwal, na mitungi ile ile ya naitrojeni ihifadhi mbegu za madume bora wa Ankole kabla hawajachanganywa wote, maana mfugaji wa kesho atakayehitaji ustahimilivu wao hataupata kwa kuagiza Ulaya.