Rada Mpya, Mabawa Yaleyale

Ndege ya kivita haizeeki yote kwa siku moja. Rada hupitwa na wakati kwanza, redio hufuata, ilhali bodi bado inaruka. Nchi zenye mfuko mdogo hutumia mwanya huo: hung'oa vifaa vya zamani, zikafunga vipya na kubakiza bodi na injini. Romania, India na Brazil zote zilishika njia hiyo, ila kila moja ilifika kwake.

Romania iliingia mkataba na kampuni ya Elbit ya Israeli mwaka 1993, na kazi ikafanyika nyumbani, kwenye karakana za Aerostar mjini Bacău. MiG-21 zipatazo 110 zikageuzwa kuwa LanceR. Rubani aliyezoea kusoma mishale kwenye vioo vya mviringo akapewa skrini, na kofia inayomwezesha kulenga kombora kwa kugeuza kichwa tu. Mwaka 2007, miaka 3 baada ya Romania kuingia NATO, ndege hizo za Kisovieti zilikwenda kulinda anga ya nchi za Baltiki. Kwa mfuko wake mdogo, sioni kama Romania ingepata bora zaidi.

India iliwaendea Warusi wenyewe. MiG-21 zipatazo 125 zikafungwa rada ya Kopyo na makombora ya R-77, zikaitwa Bison.

Lakini chini ya rada hizo mpya mabawa yalikuwa yaleyale. Fundi wa jahazi huona ubao uliooza, akaung'oa, akatia mwingine, na chombo kikarudi majini. Bawa la ndege halina huruma hiyo. Ufa huanzia kwenye tundu la ribiti, mwembamba kuliko unywele, na hukua kila rubani anapokata kona kali. Tena MiG-21 ina injini moja, na hutua kwa kasi inayozidi kilomita 250 kwa saa. Injini ikizima karibu na ardhi, rubani ana sekunde chache tu za kuamua kujirusha na kiti chake. Skrini haimsaidii kitu hapo.

Romania ilisimamisha LanceR Aprili 2022 kwa sababu ya ajali, ikazirudisha kwa muda, kisha ikazistaafisha Mei 2023. India ilisubiri Tejas, ndege yake yenyewe, na Tejas ikachelewa. MiG-21 zikaendelea kuruka hadi tarehe 26 Septemba 2025, miaka 62 tangu za kwanza zilipoingia. Mamia zilianguka katika miaka hiyo, na vijana wengi walikufa ndani yake. Hasara hiyo haimo katika hesabu ya mkataba wowote wa ukarabati.

Brazil, tofauti na hizo mbili, ilianza na F-5, yenye injini mbili. Kuanzia mwaka 2001 kampuni za Embraer na Elbit zilikarabati ndege 46, na mwaka 2013 serikali ikachagua ndege za Gripen zije kuzirithi. F-5 nyingine Brazil ilizinunua zikiwa zimetumika huko Jordan, nchi ileile iliyoiuzia Kenya F-5 zake za mkono wa pili.

Kwa hiyo nawasihi wapangaji wa bajeti zetu: kabla ya kuuliza bei ya rada, ulizeni bawa limebakiza saa ngapi za kuruka, na tarehe ya kustaafu kwa ndege iandikwe ndani ya mkataba.