Printa, programu huria na neno 'chapa'

Harakati za programu huria zina asili yake katika printa. Karibu na mwaka 1980, maabara moja ya chuo cha MIT, Marekani, ilipata printa ya Xerox iliyokwamisha karatasi mara kwa mara. Richard Stallman alitaka kuirekebisha programu yake iwaarifu watumiaji, akanyimwa msimbo. Mwaka 1983 akatangaza mradi wa GNU. CUPS, inayounganisha printa na Linux, ilitoka 1999.

Kwetu hatua kubwa ni ya 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipotoa Jambo OpenOffice yenye menyu za Kiswahili. Mwalimu wa Butihinda aliyezoea menyu za Kifaransa angeweza sasa kuchapa mtihani wa Kiswahili kwa Kiswahili. Ila menyu nyingi siku hizi husema 'chapisha'. Mimi nabaki na 'chapa': kuchapisha ni kazi ya kampuni ya vitabu, kuchapa ni ya mashine.