KIUNGANISHI: FUNDI ASIYEONEKANA KATIKA HISTORIA YA KOMPYUTA

Katika kurasa hizi tumezoea kusoma habari za michezo, za walimu wetu wa zamani, na za wenzetu waliopanda vyeo au waliotangulia mbele ya haki. Mwaka huu naomba nafasi kidogo nieleze historia ya kitu ambacho kila mmoja wetu mwenye kompyuta ofisini anafaidika nacho, ingawa wachache wanalijua jina lake. Kitu hicho ni kiunganishi, yaani ile programu ambayo mafundi huiita linka. Ninayo sababu ya kuileta habari hii mbele yenu, nayo nitaitaja mwishoni.

Kwanza tuelewane kuhusu kazi yake. Programu kubwa haiandikwi kwa mkupuo mmoja. Mtu huandika sehemu ya hesabu, mwingine sehemu ya kuchapa, na sehemu nyingine huchukuliwa kutoka maktaba ya programu ndogo zilizokwisha andikwa zamani. Kila sehemu huandikwa kana kwamba itakaa mwanzoni mwa kumbukumbu ya mashine. Lakini haiwezekani zote zikae mahali pamoja. Kiunganishi hugawa nafasi. Ikiwa sehemu moja imepewa kuanzia anwani ya 500, basi amri iliyosema "ruka kwenda 37" hugeuzwa kuwa "ruka kwenda 537". Kisha kiunganishi huangalia majina: sehemu ya kwanza inaiita sehemu iitwayo KODI, je, KODI ipo, na imekaa wapi? Ikikosekana, kiunganishi hulitaja jina hilo na kueleza kwamba halikupatikana. Kazi ni hizo mbili, kurekebisha anwani na kutafuta majina. Hata hivyo binadamu walisumbuka sana kabla ya kuikabidhi mashine.

Tuanzie Cambridge, Uingereza. Mnamo tarehe 6 Mei 1949 mashine iliyoitwa EDSAC, iliyojengwa chini ya uongozi wa Maurice Wilkes, ilifanya hesabu zake za kwanza. Kumbukumbu yake ilikuwa ni mirija ya zebaki, na programu ziliingizwa kwa utepe wa karatasi wenye matundu. Kijana mmoja mwanafunzi, David Wheeler, ndiye aliyeandika amri za kuanzia za mashine hiyo. Toleo la kwanza lilikuwa na amri 31 tu. Baadaye mwaka huo huo alitoa toleo la pili lenye amri 41, na ndani ya amri hizo chache alitia maarifa ya ajabu: mwandishi aliweka herufi maalumu mwishoni mwa amri, na mashine yenyewe ikaongeza namba ya mahali ilipoanzia programu ndogo. Kuanzia hapo programu ndogo iliweza kukaa popote. Tepe za programu hizo ziliwekwa kabatini kama vitabu, na kufikia mwaka 1951 maktaba hiyo ilikuwa na programu ndogo 87. Hata hivyo kazi ya kukusanya bado ilikuwa ya mikono, maana ilibidi mtu atoe tepe kabatini na kuzinakili kwa mashine, moja baada ya nyingine, mpaka upatikane utepe mmoja mrefu.

Huko Marekani mama mmoja aliyekuwa mwanahesabu na ofisa wa jeshi la majini, Grace Hopper, alikuwa ameona taabu ya aina hiyo hiyo. Alipofanya kazi na mashine ya Mark I katika Chuo Kikuu cha Harvard, yeye na wenzake waliweka vipande vya programu katika madaftari na kunakiliana kwa mkono. Waliona upesi kwamba binadamu hunakili vibaya, na akijumlisha anwani hujumlisha vibaya pia. Basi katika miaka ya 1951 na 1952, akiwa na kampuni iliyotengeneza UNIVAC, alitunga mfumo ulioitwa A-0. Mwandishi alitaja namba za programu ndogo alizozitaka. Mashine ikazitafuta katika utepe wa sumaku, ikarekebisha anwani, ikatoa programu kamili. Hopper aliuita mfumo huo kompaila, kwa maana ya mkusanyaji. Leo jina hilo limepewa chombo kingine, kile kinachotafsiri lugha ya mwandishi kuwa lugha ya mashine. Ukiitazama kazi yenyewe ya A-0, utaona kwamba ilikaribia zaidi kiunganishi kuliko kompaila tunayoijua. Hivyo jina likaenda kwa ndugu, na mwenye kazi akasahauliwa.

Miaka ikapita. FORTRAN ya pili ya mwaka 1958 iliruhusu sehemu za programu kutafsiriwa mbali mbali na kuunganishwa baadaye. Faida yake ilikuwa kubwa: ukibadili sehemu moja, hukulazimika kuzitafsiri upya zote. IBM ilipotangaza mashine za System/360 mwaka 1964, kiunganishi kilikuwa chombo rasmi, chenye uwezo hata wa kupanga sehemu zipokezane nafasi moja ya kumbukumbu, hii ikitoka na ile ikiingia, kwa sababu kumbukumbu ilikuwa ghali. Nao Ken Thompson na Dennis Ritchie, katika kitabu cha maelekezo cha Unix cha Novemba 1971, waliorodhesha amri ya herufi mbili tu, ld. Amri hiyo ingali inatumika hadi leo.

Kwetu Tanzania mambo yalikwenda kwa mwendo wake. Kompyuta ya kwanza ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Kwa hiyo wakati wenzetu ng'ambo walipoanza kuchezea mashine ndogo za nyumbani, wengi wetu hatukuwapo katika safari hiyo.

Mashine hizo ndogo ndizo zilizokifikisha kiunganishi mikononi mwa mtu wa kawaida. Katika mfumo wa CP/M, uliotungwa na Gary Kildall mwaka 1974, kila programu ilianzia anwani ya 256, na kumbukumbu yote kwa kawaida haikuzidi kilobaiti 64. Kiunganishi cha Microsoft kilichoitwa LINK-80 kiliendeshwa kwa mstari mmoja tu, kwa mfano:

L80 HESABU,KODI,HESABU/N/E

Maana yake: chukua sehemu ya HESABU, chukua na ya KODI, matokeo uyape jina la HESABU, kisha uhifadhi na kutoka. Hapakuwa na picha wala vitufe vya kubonyeza. Mwandishi ilimpasa ajue anachokitaka.

Ajabu ni kwamba kazi hiyo haijafa. Commodore 64, mashine iliyotoka mwaka 1982, ingali inaandikiwa programu mpya. Wapenzi wake hutumia kompyuta za kisasa pamoja na kiunganishi kiitwacho ld65, ambacho hutolewa bure:

ld65 -t c64 -o mchezo.prg kuu.o sauti.o c64.lib

Faili linalotoka huanza na baiti mbili, 1 na 8. Zidisha 8 kwa 256, ongeza 1, utapata 2049, ambayo ni anwani ambapo programu za BASIC huanzia katika mashine hiyo. Kijana akiielewa hesabu hiyo moja, ameelewa jambo ambalo kompyuta za leo zimemfichia.

Sasa nataja sababu yangu. Mimi ni mtumishi wa umma, na kazi yetu ni kutunza kumbukumbu. Historia hii inatufundisha kwamba programu haitunzwi kwa kuhifadhi maandishi yake makuu peke yake. Ikipotea maktaba iliyounganishwa nayo, au ukipotea ule mstari mmoja wa amri, yanayobaki ni karatasi. Kiunganishi kitatafuta jina na kusema halipo, na hapo hakuna mkubwa wa idara awezaye kukilazimisha. Orodha za mishahara, za ardhi na za mitihani zilizoandikwa kwa programu za zamani zimo katika hatari hiyo hiyo, na watu wanaokumbuka namna zilivyounganishwa wanazidi kupungua.

Kwa hiyo nawaomba ndugu zangu mlio na disketi, vitabu vya maelekezo au mashine kuukuu katika stoo zenu, msizitupe. Zileteni shuleni siku ya mkutano wetu. Hali kadhalika napendekeza chama cha sayansi cha shule kianze kujaribu ld65. Kompyuta yoyote ya kawaida inatosha, na gharama yake ni muda tu. Wadogo zetu wakijua namna vipande vinavyounganishwa, siku moja wataweza kuvifungua vile tutakavyowaachia sisi.