Matairi ya pikapu

Matairi ya pikapu ni matairi yanayotengenezwa kwa ajili ya magari madogo ya mizigo yenye bodi ya wazi nyuma, kama vile Toyota Hilux, Toyota Land Cruiser, Isuzu, Nissan na Mitsubishi L200. Hutofautiana na matairi ya magari ya abiria hasa kwa uwezo wa kubeba uzito. Makala hii inahusu uchaguzi wa matairi na rimu za kubadilishia katika pikapu ya zamani inayotembea mwaka mzima, kwa mfano wa Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa, mkoa wa Ruvuma, nchini Tanzania.

Mazingira

Katika nchi zenye majira ya baridi kali, wenye magari wengi huwa na seti mbili za matairi, kwa sababu mpira wa kawaida hukakamaa kwenye baridi. Huko "tairi la mwaka mzima" ni lile linalomudu theluji na joto pia. Alama ya M+S iliyopo ubavuni mwa matairi mengi hutaja matope na theluji. Huwekwa na kiwanda chenyewe kwa kuangalia umbo la meno, hivyo si hakikisho kwamba tairi litatoka kwenye tope la mfinyanzi.

Ruvuma hakuna theluji. Kuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, na baada yake kiangazi kirefu cha vumbi na mawe. Barabara ya Songea, Mbinga na Mbamba Bay imewekwa lami, ikiwa ni pamoja na kipande cha kilomita 66 kati ya Mbinga na ziwani. Lakini njia nyingi za kwenda vijijini, katika kata kama Tingi, bado ni za udongo. Pikapu inayopakia kahawa au mahindi milimani na kurudi na dagaa kutoka ziwani hupita lami, utelezi, changarawe na pengine mchanga wa ufukweni katika safari moja. Aidha inateremka kutoka nyanda za Umatengo, zenye kimo cha zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, hadi ziwani kwenye mita 474 hivi. Katika mteremko huo tairi dhaifu ni hatari kuliko injini mbovu, kwa kuwa injini mbovu husimamisha gari tu.

Kusoma maandishi ya tairi

Ukubwa wa kawaida wa Hilux nyingi za zamani zenye kuendeshwa kwa magurudumu manne ni 205R16C. Namba 205 ni upana kwa milimita, R ni muundo wa nyuzi, 16 ni kipenyo cha rimu kwa inchi, na C huonyesha tairi la gari la mizigo. Baada yake hufuata namba kama 110/108. Hiyo ndiyo ya kuangaliwa kwanza, nayo wanunuzi wengi huiruka. Namba 110 maana yake tairi moja hubeba kilo 1,060. 108 ni kilo 1,000, pale matairi mawili yanapofungwa pamoja upande mmoja.

Mfano mzuri ni Hilux isiyo na magurudumu manne ya kuvuta, ambayo nyingi hutumia 195R14C yenye namba 106/104. Namba 106 ni kilo 950. Dukani kuna pia 195/70R14 ya gari la abiria yenye namba 91, yaani kilo 615. Upana ni uleule, rimu ni ileile, na bei huwa nafuu. Lakini matairi mawili ya nyuma ya aina hiyo hubeba kilo 1,230 tu kwa jumla, wakati ekseli ya nyuma ya pikapu iliyopakia tani moja hulemewa na zaidi ya hapo, maana bodi nayo ina uzito wake. Tairi likizidiwa hupata joto, na joto ndilo linalolipasua.

Tairi hilo la abiria pia ni fupi: kipenyo chake ni milimita 629 hivi, badala ya 668. Mita ya mwendo itaonyesha kilomita nyingi kuliko za kweli. Wanaopenda matairi makubwa hupata kinyume chake, na zaidi ya hayo gari huwa zito kupanda, tairi hukwaruza madigadi, na breki hufanya kazi kubwa zaidi. Anayekosa 205R16C anaweza kutumia 235/70R16 ya kiwango cha mizigo, kwani kipenyo ni karibu sawa, milimita 735, mradi rimu iwe na upana wa inchi 6 au zaidi.

Aina za meno

Matairi ya meno madogo yenye mifereji ya mviringo hushika vizuri kwenye lami ya mvua na hayali mafuta mengi, ila hujaa tope upesi. Yale ya kashata kubwa hutoka topeni vizuri zaidi, lakini huvuma barabarani, huisha mapema na hushika kidogo kwenye lami iliyoloa. Katikati kuna matairi ya njia zote, ambayo huandikwa A/T. Kwa gari lenye seti moja tu, hilo la katikati ndilo chaguo la busara. Kashata kubwa zinamfaa yule ambaye njia yake ni ya tope karibu yote, si anayekwama mara mbili kwa mwaka; huyo anaweza kufunga minyororo siku hizo.

Matairi yote manne yawe na kipenyo kimoja, hasa kwa gari linalovuta mbele na nyuma, la sivyo gia na difu huumia. Pesa zikitosha mawili tu, yale mapya hufungwa nyuma, hata kama mazoea ya madereva ni kuyaweka mbele. Nyuma ikiteleza, gari huzunguka.

Rimu

Hilux ya magurudumu manne ina nati sita kwenye duara la milimita 139.7. Nissan na Mitsubishi L200 nyingi zina vipimo hivyohivyo vya nati, ndiyo maana rimu hubadilishanwa gereji. Tatizo ni tundu la katikati: Hilux linahitaji milimita 106, Nissan 100, na L200 ni 67.1. Rimu ya L200 haiingii kwenye Hilux kabisa. Rimu ya Hilux huingia kwenye L200, lakini bila pete ya kujazia nafasi inaweza kukaa upande na usukani ukatetemeka. Land Cruiser ya mfululizo wa 79, iliyotoka mwaka 1999, ina nati tano na haichangii na hizo.

Rimu ya chuma ikipinda kwenye shimo, fundi huinyoosha kwa nyundo. Ya aloi hupasuka, na mafundi wa kuichomelea vizuri hawapatikani kila mahali. Rimu inayotokeza nje sana huharibu beringi.

Land Cruiser za zamani hutumia 7.50R16 yenye tyubu, kwenye rimu yenye pete ya chuma ya kufungia. Pete hiyo isipokaa sawa huruka wakati wa kujaza upepo na inaweza kuua. Fundi asisimame mbele yake, na gurudumu lifungwe mnyororo au liwekwe ndani ya kizimba.

Umri na upepo

Tairi jipya dukani linaweza kuwa limekaa miaka mingi. Tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT hutaja wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata bila kutumika, na nyufa ndogo ubavuni ni dalili yake. Meno yakilingana na vinundu vilivyo ndani ya mifereji, yamebaki milimita 1.6, na kwa barabara za matope tairi limekwisha kabla ya hapo.

Kiasi cha upepo huandikwa kwenye kibao kilicho kwenye fremu ya mlango wa dereva. Kipimo kifanywe tairi likiwa baridi. Wapo wanaopunguza upepo kabla ya kuteremka ziwani kwa kuhofia joto, jambo lisilo na msingi. Kushuka kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay hupunguza kipimo kwa takriban psi 1.4 kutokana na uzito wa hewa ya chini, na joto la ziwani hurudisha karibu kiasi hichohicho. Mchangani upepo hupunguzwa kweli, kisha hujazwa tena kabla ya kurudi barabarani, kwa hiyo pampu ya mkono hukaa garini pamoja na jeki na tairi la akiba la ukubwa uleule.