Kaka, samahani, tubadilishane siti

Nimekuwa kimya hapa kwa wiki kadhaa. Nilikuwa safarini kikazi, na niliporudi nikakuta viporo mezani vya kutosha kunizika. Lakini kuna jambo limenikaa rohoni tangu safari ile, na nisipolitoa nitaendelea kulibeba.

Nilikuwa nimekaa dirishani, siti niliyoilipia dola 22 za ziada kutoka mfukoni mwangu (ofisi yetu hailipi anasa za namna hiyo). Ndege ikiwa bado pale Dar, akaja mama mmoja, umri kama wa dada yangu mkubwa, begi la nepi begani, kamshika mkono binti wa miaka minne hivi. Akasema kwa upole: "Kaka, samahani. Mwanangu kapewa hii ya katikati hapa kwako, mimi nimetupwa kule nyuma, 31. Naomba tubadilishane." Nikaangalia nyuma. 31 ilikuwa ya katikati, jirani kabisa na choo. Nikamjibu: "Dada, hii mimi nimeilipia."

Ndiyo, nilisema hivyo. Mzee aliyekaa upande wa njia hakusema neno. Akafungua mkanda, akachukua fimbo yake, akamwambia, "Kaa hapa, mwanangu," kisha akajikongoja mpaka 31. Kwa zaidi ya saa tano nikatazama mawingu huku yule binti akinipiga teke la paja kila alipogeuka usingizini. Sikuthubutu kulalamika.

Nilipofika hotelini nikawa na maswali mawili. La kwanza, mimi ni mtu wa aina gani? Hilo niachieni mwenyewe. La pili ni la kazi yangu: ilikuwaje mtoto wa miaka minne akapewa siti peke yake, na ilikuwaje ugomvi huo ukawa wangu na mama yake, wakati aliyetugombanisha hakuwepo pale? Jibu lake ni refu, na sehemu kubwa limeandikwa Marekani, kwa sababu mambo mengi ya biashara ya ndege yalianzia huko kabla ya kutufikia sisi.

Tuanze mwaka 1953. Kwenye ndege kutoka Los Angeles kwenda New York, watu wawili wasiojuana walijikuta wamekaa jirani. Wote wawili ukoo wao ni Smith. Mmoja alikuwa C. R. Smith, rais wa American Airlines. Mwingine alikuwa R. Blair Smith, mtu wa mauzo wa IBM. Wakapiga soga. Wakati huo kukata tiketi ilikuwa kazi ya mikono: makarani wamezunguka meza inayozungushwa, juu yake kadi, kila ndege na kadi yake, mtu anachomoa kadi, anaweka alama, anairudisha. Kukamilisha nafasi ya abiria mmoja kulichukua kama saa moja na nusu. Kutokana na soga ile ukazaliwa mfumo wa Sabre, ulioanza kufanya kazi mwaka 1960 kwa kompyuta mbili aina ya IBM 7090 zilizowekwa Briarcliff Manor, jimbo la New York, na kufikia 1964 ulikuwa umebeba tiketi zote za shirika lile. Yaani mashine ambayo vizazi vyake leo vinamtenganisha mama na mtoto ilitokana na watu wawili kukalishwa pamoja kwa bahati. Mimi nilicheka peke yangu chumbani.

Lakini tusiionee Sabre. Ilichohesabu mwanzoni ni nafasi: ndege ina viti kadhaa, vimeuzwa kadhaa, vimebaki kadhaa. Nani akae wapi lilikuwa suala la uwanjani. Karani wa mlangoni alikuwa na mchoro wa ndege kwenye karatasi ngumu, kila kiti kina kipande cha kubandua chenye namba. Ukifika, anabandua namba, anaibandika kwenye kadi yako ya kupandia. Waliokata tiketi za basi la mkoani enzi za kitabu watauelewa mchoro huo mara moja. Mama akifika na watoto wawili, karani anawaona kwa macho yake, anabandua vipande vitatu vya mstari mmoja, basi. Hakuna sheria iliyomlazimisha, na hakuna aliyeihitaji.

Kuna sababu mbili zilizofanya jambo hilo liwe rahisi, na hapa ndipo penye kiini cha kisa chote. Ya kwanza ni kwamba ndege zilikuwa na viti vitupu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ndege za Marekani ziliruka karibu nusu tupu kwa wastani. Ya pili ni kwamba nauli hazikupangwa na mashirika. Tangu 1938 kulikuwa na bodi ya serikali, Civil Aeronautics Board, iliyoamua nani aruke wapi na kwa bei gani. Kwa kuwa hawakuweza kushindana kwa bei, walishindana kwa chakula, kwa nafasi ya miguu, kwa tabasamu. Nauli ilikuwa ghali, wengi hawakuimudu kabisa (tusisahau hilo tunapozikumbuka zama hizo kwa machozi), lakini ukishailipa umelipia kila kitu, kiti kikiwemo.

Tena bodi ileile iliwahi kuingilia nani akae wapi. Mwaka 1973 iliyaagiza mashirika yatenge siti za wasiovuta sigara. Hadi sigara zilipopigwa marufuku kwenye safari nyingi za ndani ya nchi, kwanza fupi mwaka 1988 na kisha karibu zote mwaka 1990, swali la karani lilikuwa: unavuta au huvuti? Kwa hiyo mtu akikuambia leo kwamba serikali haina ubavu wa kupanga siti za ndege, mkumbushe moshi.

Oktoba 24, 1978, Rais Jimmy Carter alisaini sheria iliyoondoa udhibiti ule. Bodi ikapunguzwa meno hatua kwa hatua, na mwisho wa 1984 ikafungwa. Nauli zikashuka, watu wa kawaida wakaanza kupanda ndege, mashirika dhaifu yakafa. Waliobaki wakajifunza kujaza. Kompyuta zilezile zikafundishwa kubadilisha bei kila siku ili kiti kisiruke kitupu, na kufikia miaka ya 2010 ndege za Marekani ziliruka zikiwa zimejaa zaidi ya asilimia 80. Sasa mrudishe yule karani mlangoni. Mama amefika na watoto wawili, mchoro umejaa. Karani hana cha kubandua. Anachoweza ni kumwomba abiria mwingine, na abiria huyo ndiye mimi.

Shirika moja lilikwenda njia yake. Southwest ilianza kuruka Juni 1971 kati ya miji ya Dallas, Houston na San Antonio, na haikugawa siti kabisa. Unaingia, unakaa unapopata, kama daladala iliyostaarabika. Wenye watoto wadogo waliruhusiwa kutangulia. Mwaka 2007 walirudishwa nyuma kidogo, wakawa wanapanda baada ya kundi la kwanza, lakini bado walipata pa kukaa pamoja. Mfumo huo ulidumu zaidi ya nusu karne. Januari 27, 2026 ulikwisha, na Southwest nayo ikaanza kugawa siti na kuuza zile nzuri.

Kuuza siti kulishika kasi kwa sababu ya mafuta. Mwaka 2008 bei ya pipa ilipita dola 140, mashirika yakawa yanavuja damu, na American Airlines ikaanza kutoza dola 15 kwa begi la kwanza. Abiria walilalamika, kisha wakalipa. Somo likaeleweka: nauli inayoonekana ibaki chini ili ishinde kwenye orodha ya bei, halafu kila kitu kilichokuwa ndani yake kitolewe kimoja kimoja na kuuzwa kando. Delta ikajaribu tiketi ya bei ya chini isiyo na haki ya kuchagua siti mwaka 2012, United na American zikafuata 2017. Ukinunua tiketi hiyo, kompyuta ndiyo inayokupangia siti, na yenyewe haioni begi la nepi.

Pesa iliyomo si mchezo. Kamati ndogo ya uchunguzi ya Seneti ya Marekani ilitoa ripoti Novemba 2024 kwamba mashirika matano (American, Delta, United, Frontier na Spirit) yalikusanya dola bilioni 12.4 za ada za siti kati ya 2018 na 2023. Si zote za wazazi, bila shaka. Humo zimo zile dola za watu kama mimi wapenda dirisha.

Ulaya nako hali haikuwa njema. Ryanair ilianza kugawa siti Februari 2014. Septemba 2016 ikaweka utaratibu ambao kwa kweli una mantiki: mtu mzima anayesafiri na mtoto wa chini ya miaka 12 lazima alipie siti yake, nafuu kidogo, halafu watoto mpaka wanne wanapata siti jirani bure. Mzazi analipa, lakini angalau anajua. Kwa vikundi vingine ilikuwa bahati nasibu. Mamlaka ya usafiri wa anga ya Uingereza ilihoji abiria zaidi ya 4,000, na matokeo yake ya 2018 yalionyesha kwamba wasafiri wa Ryanair waliokuwa kwenye kikundi bila kulipia siti walitenganishwa mara nyingi kuliko wa mashirika mengine, asilimia 35. Mwongozo wa mamlaka hiyo ni kwamba mtoto akae mstari mmoja na mtu wake, na ikishindikana, asizidi mstari mmoja au njia moja mbali naye.

Huo si upole wa Waingereza. Ndege mpya haipewi kibali mpaka ithibitike kwamba ikijaa inaweza kumwagwa watu wote ndani ya sekunde 90, nusu ya milango ikiwa haitumiki. Katika jaribio hilo watu ni wazima wa afya, na watoto wachanga wanawakilishwa na wanasesere watatu wanaobebwa. Hakuna mama wa siti 31 anayepanda kinyume na msururu wa watu kwenda kumtafuta mwanawe mbele. Siku ya moto wa kweli atakuwepo, na sekunde 90 hazitatosha. Sijui kama mimi, pale dirishani, ningekumbuka kumfungulia mkanda yule binti.

Kanada ndiyo iliyoniridhisha. Tangu Desemba 15, 2019 kanuni zake zinasema: mtoto wa chini ya miaka 5, kiti cha jirani na mzazi. Wa 5 hadi 11, mstari uleule, asitenganishwe kwa zaidi ya kiti kimoja. Wa 12 na 13, wasizidi mstari mmoja. Shirika lisitoze senti kwa hilo. Fupi, inasomeka, karani anaweza kuishika kichwani.

Marekani wameizungukia zaidi ya miaka 10. Mbunge Jerrold Nadler wa New York alipeleka muswada mwaka 2012, haukupita. Julai 2016 Rais Obama alisaini sheria ya anga yenye kifungu kinachoiagiza Wizara ya Uchukuzi iweke sera kwa watoto wa miaka 13 kushuka chini, lakini kuna maneno mawili yaliingizwa: "ikiwa inafaa". Wizara ikaona haifai. Waandishi wenzangu, mkisoma muswada wowote tafuteni maneno ya namna hiyo kwanza. Julai 2022 wizara ikayahimiza mashirika yajirekebishe yenyewe. Februari 2023 Rais Biden alilisema jambo hilo kwenye hotuba yake mbele ya Bunge, na mwezi uliofuata wizara ikaweka jedwali la hadharani lenye alama ya kijani kwa shirika linaloahidi bila masharti ya ujanja. Kwa kuanzia yalipata matatu tu: Alaska, American na Frontier. Sheria ya Mei 2024 ikaagiza kanuni iandikwe, na Agosti wizara ikatoa pendekezo, ikikadiria kwamba familia ya watu wanne ingeokoa mpaka dola 200 kwa safari ya kwenda na kurudi.

Mashirika yanasema asiye na mtoto asilipishwe mzigo wa mwenye mtoto. Hoja hiyo ina uzito, na siku ile ndiyo niliyokuwa nayo mdomoni. Ila ukiipima vizuri, gharama ya kumweka mtoto jirani na mama yake wakati viti bado vinauzwa ni karibu na sifuri. Inakuwa kubwa pale tu inapoachwa mpaka mlangoni.

Mambo mengine ni mabati na vyuma, hayana ada wala uonevu. Ukisafiri na wachanga wawili wa kupakatwa, usishangae mkitenganishwa wewe na mwenzako. Kwenye ndege nyingi zenye siti tatu tatu, kila siti tatu zina barakoa nne za hewa juu yake, yaani moja tu ya ziada.

Dada yangu anasafiri Desemba na wanawe, mmoja ana miaka 6, mwingine 3. Nimemwambia tiketi zote tatu zikatwe pamoja, ziwe na namba moja ya kumbukumbu, kwa sababu zikikatwa mbalimbali kompyuta haitajua kuwa ni familia. Halafu apige simu kwa shirika kabla ya siku ya safari, asisubiri kaunta. Akaniuliza, "Na wakisema nilipie siti?" Nikamwambia asilipe, kwamba ni haki yake, nikamsomea na kanuni za Kanada. Akanyamaza kidogo, akasema, "Mdogo wangu, mimi sipitii Kanada."

Siti tatu, kwenda tu, dola 66. Nimelipa mimi.